Uhuru wa Mtu Binafsi na Kiti cha Tatu

Vijana wangu mnaokaa ndani ya kibanda cha kioo na kuvaa vile vidude vya masikioni, niliwasikia juzi kwenye mkutano wa hoteli kando ya ziwa. Nilialikwa kula tu, kama mstaafu, nikajibanza kwenye kiti cha nyuma na kusikiliza. Mnakwenda kasi, Mungu awabariki. Bwana yule alitaja kwa Kifaransa chake uhuru wa mtu binafsi, nanyi mkautoa kwa Kiswahili papo hapo, bila hata kumeza mate. Niliwaonea wivu. Pia niliwashuku.

Msinune. Mimi hushuku kila kitu, na ndiyo maana nimezeeka kazini bila kufukuzwa. Neno hilo nalishuku kuliko mengine yote tangu ile miaka ya mwisho ya tisini, nilipokuwa mkalimani wa mahakama hapa Gisenyi, na wa komini, ile tarafa yetu ya zama zile, na wa kila mgeni aliyeshuka kwenye gari jeupe akiuliza wapi kuna maji ya chupa. Sisemi ni neno baya. Nasema ulifunue kwanza, kama unavyofunua samaki aliyefunikwa majani sokoni, umtazame macho kabla hujamtia kikapuni.

Wakati wetu hapakuwa na kioo. Ulikaa kwenye kigoda katikati ya watu, mate ya mshtakiwa yakikurukia upande huu na moshi wa sigara ya karani ukikujia upande wa pili. Aliyenifundisha kazi ni mzee Kalisti, marehemu, aliyerudi kutoka Kongo kama mimi lakini akiwa na Kifaransa cha mapadri, kile kilichopigwa pasi. Sheria yake ya kwanza mnaijua hata ninyi: sema kama msemaji mwenyewe. Mtu akisema "nimeiba," sema "nimeiba." Usiseme "huyu anasema eti ameiba," maana ukiongeza "eti" umeshatoa hukumu, na mshahara wa hakimu hukupewa wewe.

Sheria hiyo ilinitia matatani wiki yangu ya kwanza. Palikuwa na mtu aliyekiri kuchoma banda la mbuzi la shemeji yake. Akamwaga maneno yote kwa Kiswahili, nami nikageuka na kusema kwa Kinyarwanda, kwa sauti safi, mkono kifuani: "Ndiyo, mimi ndiye niliyelichoma, na ningekuwa na kiberiti kingine ningechoma na nyumba." Askari wa mlangoni alikuwa mgeni, hajawahi kuona mkalimani. Alinikamata mkono akanivuta kuelekea kasho, ile selo ya komini, na mzee Kalisti badala ya kunisaidia alicheka hadi miwani ikaanguka. Baadaye askari aliomba radhi, lakini mwaka mzima alinitazama kwa pembe ya jicho. Kwake yeye mtu aliyekiri amekiri.

Jambo jingine la mzee Kalisti hamlijui, kwa sababu kutoka kwenye kibanda chenu hamwezi kuliona. Alisema neno kubwa likitajwa, usitazame nyuso, tazama miguu. Uso umefundishwa shule, umefundishwa kanisani, umefundishwa na vita. Mguu haujafundishwa na mtu. Nilidhani ni mzaha wa kizee mpaka siku ya semina ya Kanama.

Tulipanda kule milimani na bwana mmoja wa kigeni, mtu mpole, aliyekuja kufundisha watu haki zao. Waliketi kwenye mabenchi ya kanisa, wakulima wa viazi na maharage, kimya. Mjue siku zile zilivyokuwa. Vijana wa siku hizi mnadhani vita ni mlio wa risasi. Vita ni pia kule kumshuku anayekusalimia na kujiuliza kwa nini leo amekusalimia kwa muda mrefu. Ukitaka kwenda kulala kwa dada yako komini ya jirani, uliomba ruhusa kwanza. Mtu asiyejulikana akionekana njiani, mtaa mzima uliulizwa ni mgeni wa nani.

Basi bwana yule akasema kila mmoja wenu ana uhuru wake binafsi. Nikautoa kwa Kinyarwanda kama unavyoandikwa, kwishyira ukizana, ambao kwa Kiswahili ni kama kusema kujipeleka na kujileta mwenyewe. Nyuso zote zikatabasamu. Nikatazama chini ya mabenchi. Miguu yote ilikuwa imerudi nyuma, imejikunja chini ya mbao, kama vile maji yamepita sakafuni.

Bwana akauliza kama kuna swali. Hakuna. Akauliza tena. Mwishoni mama mmoja mzee wa kitenge cha kijani akainua mkono, nami nikaona wanaume wawili wakisogea mbali naye kwenye benchi.

"Madamu, hiyo uhuru," akaniambia, "tunajiandikishia wapi?"

Nikatafsiri. Bwana akacheka kwa upole akasema hauandikishwi, ni wako tangu kuzaliwa. Mama akaniangalia mimi, si yeye.

"Kama haiandikishwi, basi siku ya kuniuliza nimeipata wapi, nitaonyesha nini?"

Sikucheka. Nilimtafsiria neno kwa neno, na mgeni akaliandika swali kwenye daftari lake, maana alikuwa mtu wa kweli. Kisha muda wa chai ukafika.

Sasa nije kwa Faustini, ndiye aliyenifanya niandike haya.

Faustini alikuwa mvuvi wa sambaza, vile visamaki vidogo kama dagaa, kwenye mtaa ulio jirani na sisi, upande wa ziwa. Mmezaliwa juzi lakini mitumbwi yao mnaiona: mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, na wavu unaning'inia kutoka kwenye hiyo miti. Ni kazi ya kundi. Asipokuwepo hata mpiga kasia mmoja, chombo chote kinavuta upande na wavu unajikunja. Kwa sababu hiyo wana desturi yao. Kabla ya kutoka ufukweni, mara nyingi ukungu umelala juu ya maji na huoni mwenzako, mmoja huuliza kwa sauti: "Nani iko ku kamba?" Mzee wa kundi, mwenye kiti cha kwanza, hujibu "Miye!" Halafu wa pili "Miye!" na wa tatu, mpaka wa mwisho, kila mtu kwa zamu yake. Hakuna anayeruka zamu. Kiti kikinyamaza, hawatoki. Na wanawake hawakai kwenye viti hivyo wala hawajibu mwito huo. Wanaume wa ziwa wana miiko mingi kuliko mapadri.

Faustini alikuwa mwenye kiti cha tatu. Asubuhi moja, kabla ya saa iliyoruhusiwa, maana siku zile kuwa ziwani usiku kulikatazwa, alionekana peke yake kwenye kimtumbwi kidogo, mbali na ufukwe. Yeye alisema wavu wao ulikuwa umekatika akaenda kuutafuta. Mtu fulani alisema kwa wakubwa kwamba Faustini anavusha watu wasiojulikana kutoka ng'ambo. Wakati ule, maneno hayo yalitosha kabisa. Wakamtia kasho.

Mke wake Dafroza alikuwa akiniuzia samaki. Kila siku alipita na chakula cha mumewe kwenye sufuria, halafu anakwenda sokoni na beseni lake, ingawa sambaza zilikuwa chache: tangu Faustini akamatwe, ile mitumbwi mitatu ililala ufukweni. Dafroza alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupasua mbao. Alinisalimia tu, hakuniomba kitu. Alijua ninafanya kazi wapi na nadhani alinishuku kama nilivyomshuku yeye.

Siku ya Faustini kusikilizwa ilipofika, mlango wa chumba ulikuwa wazi, kama sheria inavyotaka, ili yeyote anayetaka aingie. Hakuingia mtu. Hakimu alikuwa kijana aliyekulia Uganda. Kinyarwanda chake kilimtosha kusalimia na kula, lakini sheria aliijua kwa Kiingereza. Karani aliandika kwa Kifaransa. Faustini alikulia ng'ambo kule Kongo, akachagua Kiswahili cha ziwa. Kinyarwanda alikijua vizuri sana, ila alishuku lafudhi yake mwenyewe ingemponza. Ndivyo tulivyokuwa tukichagua lugha zama zile, kama mtu achaguavyo njia yenye askari wachache. Mimi nikakaa katikati, na Kiingereza changu cha kuokoteza kwa wageni.

Hakimu alisoma, akauliza, akasikiliza. Kisha akasema hivi, nami nikasema hivi: "Sijaona ushahidi wa kukuweka ndani. Uchunguzi utaendelea nawe ukiwa nje. Uhuru wa mtu binafsi ndio kanuni, na kufungwa ni jambo linalohitaji sababu. Utaachiwa leo jioni."

Nikatarajia magoti, machozi, shukrani. Nikatazama miguu. Faustini hakuwa na viatu. Vidole vyake vilijikunja na kushika sementi.

"Mama," akaniambia polepole, akimwita hakimu Mheshimiwa kwa Kinyarwanda, "umwambie Nyakubahwa merci. Mi sitaki."

Nilimwomba arudie. Hilo ni jambo la aibu kwa mkalimani, lakini nilimwomba.

"Sitaki hiyo uhuru. Ya mangaribi, ya mulango ya nyuma. Sitaki."

"Sitaki," nikamwambia hakimu kwa Kiingereza. Akadhani ni mimi ninayegoma kutafsiri, na ikabidi nieleze.

Hakimu alivua miwani. "Muulize kwa nini."

"Batu batatu balitoka mbele yangu, bote mangaribi, ku mulango ya nyuma," Faustini akasema. "Moja hakufika kwake mpaka leo. Babili balifika, na hakuna mutu anabapa salamu. Banasema: ule alitoka peke yake, bila mutu kuona, donc alitaja majina ya batu. Mi nikitoka hivyo, ku ziwa nani atakaa na miye? Nitatoka siku ya soko, saa sita, ku mulango ya mbele. Na benzangu ba mutumbwi bakuje banitwae. Kama habakuje, nabakia."

Nilitafsiri yote. Nawaambia wazi, wanangu, wakati mdomo wangu ukitafsiri, moyo wangu ulikuwa umeshamshuku. Kwa nini siku ya soko? Kwa nini watu wengi? Anataka kuonekana na nani? Labda kuna anayengoja ishara. Hivyo ndivyo akili zetu zilivyokuwa zimeharibika. Mtu anaomba aachiwe mchana kweupe, na wewe unaona ni njama. Karani naye alikuwa ameacha kuandika, na najua alifikiri vilevile.

Hakimu alikasirika, lakini alikasirika kwa akili. Maneno yake nimeyatumia kwenye semina mpaka nilipostaafu, na sikuwahi kusikia mengine yaliyonyooka zaidi. Alisema: "Uhuru huu ni wako wewe, si wa wenzako. Nikikuachia kwa sababu wenzako wamekubali, kesho watakuja wenzake mtu mwingine waniambie hawamtaki, na itabidi nimfunge. Unaelewa? Ndiyo maana unaitwa uhuru wa mtu binafsi. Hauombi kura ya jirani."

Faustini alisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kama anayekubali bei lakini hana nia ya kununua.

"Nyakubahwa anasema vizuri. Kweli kabisa. Lakini mutu moja hawezi kuvuta wavu. Ile uhuru ya mutu moja, nitaenda nayo wapi?"

Nikatafsiri. Nje wauza viazi walikuwa wakiitia wateja. Mimi katikati nilijua kwamba wote wawili wana haki, na hakuna hali mbaya kwa mkalimani kama hiyo. Mjinga ukimtafsiri unapumzika. Wawili wenye haki hawakupi pumziko.

Mwishoni hakimu akavaa miwani. "Siku ya soko, saa sita, mlango wa mbele: nakubali. Sheria haina sababu ya kupitia nyuma. Lakini wenzake si kazi yangu, sitawaita wala sitawangoja. Mlango ukifunguliwa, yuko huru, awe na watu au asiwe nao. Asipotoka, askari watamtoa, na sitaki kusikia hadithi."

Jioni ile Dafroza alinifuata barabarani. Habari zilikuwa zimemfikia, sijui kwa njia gani, maana hapa kwetu habari hazihitaji mkalimani. Alikuwa ametoka kwa mzee Petero, mkuu wa kundi.

"Nimeenda kwa bote, Mama, nyumba na nyumba," akasema. "Petero ananiambia, Faustini ni mutoto wetu, hatuna shida naye. Lakini mwenye kwenda kumutwaa kule, kesho banaandika jina yake. Na bengine banasema hivyo hivyo. Silvesta hata hakufungua mulango, aliongea ku dirisha."

"Na wewe utafanya nini?"

"Mi nitafanya nini? Nitauza samaki yangu."

Alikuwa na hasira. Nami nilikuwa na woga, nasema kweli. Nilijua askari wakimburuta mtu nje mbele ya soko zima huku akikataa kuachiwa, hakuna atakayesema amekataa uhuru. Watasema ni mwendawazimu au ni mkosaji, na maombi ya Dafroza nyumba kwa nyumba yatakuwa bure. Faustini angepoteza kiti chake ziwani, na bila kile kiti hakuwa na kazi nyingine wala shamba.

Siku ya soko nilitafuta sababu ya kuwa karibu na lango. Nilinunua vitunguu ambavyo sikuvihitaji. Dafroza alikuwa ameweka beseni lake chini, upande wa pili wa barabara, mbele kabisa ya lango, mahali ambapo wauza samaki hawakai kwa sababu ya jua. Watu walikuwa wengi na wote walijua. Utaona jinsi ninavyojua kwamba walijua: hakuna aliyetazama lango. Walikuwa wakipima maharage kwa umakini ambao maharage hayastahili.

Saa sita lango likafunguliwa. Faustini akatokea, amekonda, ameshika shati la pili mkononi. Akafika kwenye mstari wa kivuli cha lango akasimama. Hakutoka.

"Toka, mzee," askari akamwambia. "Wewe ni huru."

 Faustini aliangalia soko kwa utaratibu, kushoto mpaka kulia. Hakuna mtu aliyeinua uso. Askari akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka, akamtazama mwenzake. Wakasogea karibu naye, mmoja huku na mmoja huku. Vitunguu vyangu vilianguka na sikuviokota.

Ndipo Faustini akainua kichwa akaita kwa sauti ya kwenye maji, ile ya kufika kwenye mtumbwi wa tatu:

"Nani iko ku kamba?"

Mizani zote zikasimama. Hakuna aliyejibu. Askari mmoja akamshika bega.

"Miye!"

Ilikuwa ile sauti ya kupasua mbao. Dafroza alikuwa amesimama nyuma ya beseni lake, mikono kiunoni, amejibu kiti cha kwanza. Kiti cha mkuu wa kundi! Mwanamke! Soko likashtuka, kisha kicheko kikaanza kwa wanawake wa mboga, na wazee wawili wakatema mate chini.

Na kutoka nyuma ya magunia ya makaa, mahali ambapo hakuna aliyemwona akiingia, sauti nene ikasema kwa hasira: "Dafroza, weye! Toka ku kiti yangu!" Mzee Petero akasimama, kofia imeshuka hadi nyusi, uso mweusi kwa vumbi la makaa. Akavuta pumzi. "Miye!"

 Halafu kutoka kwa kinyozi, mtu mwenye povu nusu ya shavu akasema, "Miye!" Huyo ni kiti cha pili.

Zamu ikafika kwa kiti cha tatu. Petero akamtazama Faustini. Wote tukamtazama.

"Miye," Faustini akasema, wala hakupiga kelele, na akavuka mstari wa kivuli. Mkono wa askari ulibaki hewani pale bega lilipokuwa.

Palipita muda. Nikasikia watu wakikohoa. Kisha kutoka pembeni kabisa, karibu na njia ya kutokea, Silvesta akasema "Miye" yake kwa sauti ndogo. Halafu wa tano kwenye kibanda cha chai, wa sita nyuma ya mbuzi, na waliobaki, mmoja mmoja. Kundi zima lilikuwa pale! Kila mmoja alikuwa amekuja peke yake, kwa siri, amejificha kwa wenzake, akidhani ni yeye tu mjinga aliyethubutu. Nilicheka huku nalia na sioni aibu kuwaambia. Petero alimshika Faustini mkono, wengine wakafuata nyuma, nao wakashuka kuelekea ziwani katikati ya barabara. Dafroza hakuenda nao. Alikaa chini akauza beseni lote, na siku hiyo hakuna mtu aliyebishana naye bei.

Hakimu alikuwa dirishani. Niliporudi ofisini akaniuliza wale watu walikuwa wakipiga kelele gani.

"Kila mmoja alikuwa anasema ni yeye, Nyakubahwa."

"Yeye nini?"

"Yeye tu."

Akatikisa kichwa, akafunga dirisha. 

Mngependa niishie hapo, najua, na kwenye semina ningeishia hapo. Lakini nimewaambia mimi ni mtu wa namna gani. Wakati wengine walipokuwa wakitazama nyuso, mimi nilikuwa nimetazama miguu, kama alivyonifundisha mzee Kalisti. Miguu ya Petero, ya mtu wa kinyozi, ya wote ilielekea lango. Ya Silvesta, mwenye kiti cha nne, ilielekea njia ya kutokea mpaka mwisho, hata mdomo wake uliposema "Miye." Nikakumbuka aliongea na Dafroza kupitia dirisha. Nikaanza kuhesabu nani alijua kwamba wavu umekatika, nani aliishi karibu na ufukwe kiasi cha kuona kimtumbwi alfajiri. Nilijiambia wewe Verediana una ugonjwa, acha mtu wa watu. Sikuacha. Sikumwambia yeyote, maana miguu si ushahidi, na mtu ana haki ya kuelekeza miguu yake anakotaka. Hilo nalo limo ndani ya lile neno, mkilifunua vizuri.

Miaka ikapita, ruhusa za usiku zikarudi, taa zikaonekana tena ziwani. Uchunguzi ulifungwa bila kupata kitu. Nilikuwa karibu kustaafu siku niliyomkuta Faustini ufukweni akitengeneza wavu, peke yake, nikaketi kando yake kwenye jiwe. Tuliongea habari za bei na za magoti. Mwisho nikashindwa kujizuia.

"Faustini, ulijua ni nani alikusemea kwa wakubwa?"

Hakuinua macho. Alikata uzi kwa meno.

"Silvesta," akasema. "Nilijua mbele ya kunitia kasho. Ni yeye peke yake nilimwambia naenda kutafuta wavu."

"Na kwenye mtumbwi bado anakaa wapi?"

"Nyuma yangu."

"Miaka yote hii? Unampa mgongo usiku kucha katikati ya maji?"

"Eeh."

"Yoo! Hukuweza hata kumwambia Petero akubadilishie kiti?"

Hapo akaacha wavu, akanitazama kama yule mama alivyonitazama kule Kanama, kama mtu anayetaka kujua maneno yangu yatapelekwa wapi. Halafu akaona ni mimi tu, mzee mwenzake, na akacheka.

"Mi nibadilishe juu ya nini, Mama? Ile kiti ni yangu."